Siku Moja Orvieto: Kutoka Roma Asubuhi, Kurudi Jioni

Mtu akiwa Roma na siku moja ya ziada, ushauri anaopewa ni ule ule: panda treni ya kasi uende Firenze. Atakwenda, atasimama foleni, atarudi na picha za migongo ya watu. Mimi huwaelekeza Orvieto. Treni ni moja tu bila kubadilisha, nauli haitikisi mfuko, na mji wenyewe unaumaliza kwa miguu kabla jua halijazama.

Orvieto upo katika mkoa wa Umbria, kilomita zipatazo 120 kaskazini mwa Roma. Umekaa juu ya mwamba uliokatika wima pande zote, mita 300 na kitu juu ya usawa wa bahari. Mwamba huo Waitaliano huuita tufo: ni majivu ya volkeno yaliyoshikamana yakawa jiwe, jiwe laini linalochimbika kwa zana za mkono kama yale matumbawe yaliyojengea Lamu na Mji Mkongwe. Shika jambo hilo moja, maana karibu kila utakachokiona huko kimetokana nalo. Mwamba uliwapa wenyeji ngome bila kujenga ukuta, ukawapa mapango ya kila kazi, lakini ukawanyima maji.

Watalii wengi hushuka kwenye basi, hukimbilia kanisa kuu, hupiga picha, hula na kuondoka. Ratiba ninayoitoa hapa imepinduliwa: asubuhi unaingia ndani ya mwamba, mchana ndipo unaingia kanisani. Sababu utaiona utakapofika hapo.

Hatua ya 1: Chagua siku

Miezi mizuri ni Aprili hadi katikati ya Juni, kisha Septemba na Oktoba. Julai na Agosti jua la Umbria halina huruma, na tarehe 15 Agosti ni sikukuu ya taifa, maduka mengi yamefungwa. Majira ya baridi yana utamu wake. Kuna asubuhi ambazo ukungu wa Mto Paglia hulijaza bonde lote na mji ukabaki umeelea juu yake. Ila chukua koti la kweli, si sweta la Nairobi la mwezi wa Julai. Mwisho wa Desemba kuna tamasha la muziki wa jazi, Umbria Jazz Winter, na siku hizo mji hufurika.

Alhamisi na Jumamosi asubuhi kuna soko katika Piazza del Popolo: mboga, jibini, soksi, vyombo vya jikoni. Jumapili ina kanuni yake, kwamba asubuhi kanisa kuu ni la waumini na watalii husubiri hadi mchana. Kama nia yako ni Misa, basi hiyo ndiyo siku yako.

Kwa Wakatoliki ipo siku inayopita zote, sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo mwezi wa Juni (mara nyingine huangukia mwishoni mwa Mei). Mamia ya watu waliovaa mavazi ya zama za kati huandamana mitaani pamoja na kitambaa kitakatifu nitakachokieleza mbele. Ukiitaka siku hiyo, fika mapema sana na ujue kwamba kupata meza ya chakula itakuwa kazi.

Neno kuhusu karatasi: Italia ni nchi ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja. Ukitoka Uingereza na pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda, kibali cha kuishi London hakikuingizi Italia, unahitaji viza. Mapadre, masista na wanafunzi wa Afrika Mashariki wanaosoma Roma hili haliwahusu, na nauli ya safari hii wataimudu.

Hatua ya 2: Treni

Ondoka Roma Termini kati ya saa moja na saa mbili asubuhi. Tafuta treni ya kawaida, iliyoandikwa Regionale au Regionale Veloce, iendayo upande wa Firenze. Safari ni saa moja na robo hivi, pengine na nusu. Intercity huwahi zaidi lakini nauli yake ni kubwa. Treni za kasi nyingi hupita bila kusimama, kwa hiyo usihangaike nazo.

Ubao wa kituoni huonyesha kwa herufi kubwa mwisho wa safari, hivyo jina Orvieto huenda usilione upesi. Usitishike. Tazama ratiba ndogo ya njiani au uliza namba ya treni dirishani. Tahadhari na treni za Ancona na Foligno: zinapita reli ile ile hadi Orte, kisha zinakata kwenda zao, na wewe ukijisahau utajikuta milimani upande mwingine kabisa. Jambo jingine la Termini ni kwamba baadhi ya treni hizi huondokea majukwaa yaliyoandikwa 1 Est na 2 Est. Majukwaa hayo yako mbali, nje kabisa ya jengo kuu. Jipe dakika kumi za kutembea.

Tiketi ya karatasi igonge kwenye kimashine kilichopo jukwaani kabla ya kupanda. Tiketi ya simu nayo fuata maelekezo yake ya kuithibitisha. Mkaguzi wa treni za Italia anaweza kuwa mtu mwenye tabasamu, lakini faini anaandika na tabasamu hilo hilo.

Kaa dirisha la kushoto. Ukikaribia utauona mji wote kwa mara moja, ukuta wa jiwe la rangi ya kahawia na juu yake mapaa na kilele cha kanisa.

Hatua ya 3: Panda kwa funikula

Ukitoka nje ya kituo, mbele yako tu kuna funikula, gari la kamba linalopanda mlima juu ya reli. Tiketi yake ni bei ndogo, na magari hupishana kila baada ya dakika kama kumi. Kupanda kwenyewe hakuchukui hata dakika tano, na sehemu ya njia ni handaki linalopita chini ya ngome ya zamani.

Ilifunguliwa mwaka 1888, na wakati huo haikuwa na injini. Gari lililokuwa juu lilijazwa maji kwenye tangi lake, uzito ukalishusha, na kamba ikalivuta lile la chini kupanda. Likifika bondeni, maji yanamwagwa. Mtambo huo ulisimama mwaka 1970, ukarudi mwaka 1990 ukiendeshwa kwa umeme.

Wenye gari binafsi: toka barabara kuu ya A1 kwenye njia ya Orvieto, egesha Campo della Fiera upande wa magharibi, na kutoka hapo kuna lifti na ngazi za umeme hadi mjini. Usithubutu kuingiza gari kati ya mitaa ya zamani. Kamera za eneo la magari maalumu hazilali, na barua ya faini itakufuata hadi nyumbani miezi kadhaa baadaye.

Juu utashukia Piazza Cahen, ncha ya mashariki ya mji. Basi dogo la kwenda kanisa kuu litakuwa linasubiri na kila mtu atalikimbilia. Waache waende. Kama una mzee au mtu wa magoti mabovu, mpandishe hilo na mkutane mbele.

Hatua ya 4: Kisima cha San Patrizio

Hatua chache kutoka funikula kuna kijumba cha mviringo ambacho hakishtui mtu. Hicho ndicho kinywa cha Pozzo di San Patrizio. Hapo hapo uliza kuhusu Carta Unica, tiketi moja inayofungua sehemu karibu zote za kihistoria mjini. Ukifuata ratiba hii yote inakulipa. Kama utaingia sehemu mbili tu, piga hesabu kwanza.

Mwaka 1527 majeshi ya Kaisari Charles V yaliingia Roma yakapora na kuua. Papa Clement VII alijifungia katika ngome ya Castel Sant'Angelo, na mwisho wa mwaka akatoroka, akakimbilia Orvieto. Mwamba ulimlinda, lakini aliona udhaifu ambao kila kamanda angeuona: mji huu huna haja ya kuupanda, uzingire tu na usubiri watu waishiwe maji. Akampa kazi msanifu Antonio da Sangallo. (Papa huyo huyo, akiwa bado mkimbizi hapa mwanzoni mwa 1528, ndiye aliyefuatwa na wajumbe wa Mfalme Henry VIII wa Uingereza waliotaka ndoa ya bwana wao ibatilishwe. Sehemu kubwa ya historia ya Kanisa la Kianglikana ilipitia kwenye kamji haka.)

Kisima kina kina cha mita 53 na upana wa mita 13, na pembeni yake zimechongwa njia mbili za mzunguko zinazozungukana bila kukutana popote. Baghala waliobeba vyombo vitupu waliingia mlango mmoja, wakateremka hadi chini, wakavuka kijidaraja juu ya maji, wakapandia njia ya pili na kutokea mlango wa upande wa pili. Hakuna aliyempisha mwenzake. Ngazi ni 248 kwa kila njia, pana na za kimo kifupi, kwa sababu zilipimwa kwa kwato.

Shuka taratibu. Ukifika katikati simama kwenye mojawapo ya madirisha, yapo kama 70, yote yanatazama ndani ya shimo. Ng'ambo utawaona watu dirishani, karibu kiasi cha kusikia wanachosema. Utadhani ni wenzako wa safari mnaoshuka pamoja, kumbe wao wanapanda, na wakitoweka kwenye dirisha moja wanatokea kwenye jingine la juu zaidi. Ukuta wa huku una chepechepe, unyevu unaugusa kwa kiganja, na hewa inabadilika kuwa ya baridi hata mwezi wa Agosti. Chini kabisa, kutoka darajani, tazama juu: anga ni kisahani kidogo cheupe.

Clement hakukiona kikikamilika. Alikufa mwaka 1534, na kazi ikaisha mwaka 1537 wakati wa Papa Paul III. Kuzingirwa kule alikokuogopa hakukuja.

Kupanda ndiko kwenye kazi. Mwenye shinikizo la damu au magoti ya kuuma asijitie ushujaa. Akae kwenye bustani ya ngome ya Albornoz pale jirani, ambako kuingia ni bure na bonde lote linaonekana.

Hatua ya 5: Chini ya mitaa

Kutoka Piazza Cahen fuata Corso Cavour, barabara kuu ya mji, mwendo wa robo saa kwa anayetembea bila kusimama. Wewe utasimama. Kuna maduka ya vyombo vya udongo vya rangi ya kijani na kahawia, ufundi wa hapa tangu zama za kati. Njia panda yenye mnara mrefu ni Torre del Moro, mita 47. Kata kushoto, Via del Duomo, na mwisho wake uwanja unafunguka na kanisa linakusimamia usoni.

Lisalimie, kisha ligeuzie mgongo. Kwenye uwanja huo huo kuna ofisi ya Orvieto Underground, na safari zao huendeshwa kwa saa maalumu, kwa Kiitaliano na kwa Kiingereza. Ukifika tu kata tiketi ya zamu inayofuata, kisha kama kuna muda kanywe kahawa. Bila kiongozi huingii.

Chini ya mji kuna mapango yapatayo 1,200. Kila kizazi kilichimba: Waetruska waliokuwa hapa kabla ya Warumi, watu wa zama za kati, hata wenye nyumba wa juzi waliotaka stoo ya mvinyo. Utaonyeshwa kinu cha kukamulia mafuta ya zeituni chenye mawe yake, kisha visima vya Waetruska, mashimo ya pembe nne yanayozama gizani, membamba kiasi cha kumtosha mtu mmoja. Angalia kuta zake mbili zinazotazamana. Kuna vijishimo vilivyopangwa kama ngazi, kimoja huku kimoja kule. Mchimbaji alitanua miguu, akaweka kidole huku na kidole kule, akashuka hivyo akichimba.

Halafu utafika chumba ambacho ukuta wake wote ni vishubaka, mistari kwa mistari. Ni nyumba za njiwa. Pango limetoboka hadi kwenye uso wa jabali, hivyo njiwa walitoka wenyewe asubuhi kutafuta chakula mabondeni na kurudi jioni kutaga. Familia ilipata nyama bila kulisha mfugo, na hata adui akizingira mji hakuna wa kuwazuia ndege. Sijaona mahali pengine ambapo akili ya watu wa hapa imejionyesha wazi hivi, na tazama kwamba njiwa bado yupo kwenye menyu za migahawa ya juu.

Waetruska wenyewe waliuita mji wao Velzna. Warumi waliuteka na kuuharibu mwaka 264 kabla ya Kristo, wakawahamishia watu waliobaki karibu na Ziwa Bolsena. Makaburi yao yapo chini ya mwamba, mahali paitwapo Crocifisso del Tufo, yamepangwa kwa mitaa iliyonyooka na juu ya milango yamechongwa majina ya wenyewe. Ni pazuri, lakini kwa siku moja utalazimika kuacha kitu, na mimi ningeacha hapo.

Ziara ya chini huchukua kama saa moja. Kuna kipande cha njia kilicho chembamba sana. Anayeogopa kubanwa aseme mapema.

Hatua ya 6: Kula, na kula kwa wakati

Majiko ya Italia yana saa zake. Kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane na nusu hivi mchana unakula; ukifika saa tisa na nusu utaambiwa jiko limefungwa, na hapo hakuna kubembeleza. Toka barabara kuu, ingia vichochoro. Menyu yenye picha za rangi na lugha sita ikimbie.

Chakula cha hapa ni umbrichelli, tambi nene za unga na maji zinazoviringishwa kwa mkono. Kwa mchuzi wa nyanya na pilipili zinashibisha vizuri na bei ni ya kawaida. Kwa uyoga wa tartufo bei inapanda. Zile za cinghiale ni za nguruwe-mwitu, Waislamu mjihadhari. Na si hilo jina tu: guanciale, pancetta, salsiccia, prosciutto na lardo zote ni nguruwe, na mara nyingi hutumbukizwa kwenye mchuzi ambao jina lake halisemi lolote. Sema "senza maiale" (bila nguruwe) na umwangalie mhudumu machoni mpaka aelewe. Salama zaidi ni vyakula vya mboga, mayai, jibini na kunde.

Kwenye bili utaona neno coperto, euro moja mbili hivi kwa kila kichwa. Ni malipo ya meza na mkate, si wizi. Kahawa ukinywa umesimama kaunta ni bei nafuu kuliko ukikaa, hasa mbele ya kanisa. Anayetumia mvinyo asiondoke bila kuonja Orvieto Classico, mweupe, wa mashamba yale yale unayoyaona chini ya mwamba.

Asiye na hamu ya kukaa mezani anunue lumachelle, vimikate vya jibini vya mviringo kama konokono. Vingi vina nyama ya nguruwe ndani, kwa hiyo uliza.

Hatua ya 7: Kanisa kuu, jua likiwa limegeuka

Sasa saa nane au saa tisa. Uso wa kanisa unatazama magharibi, na hii ndiyo sababu ya kuupindua mpango mzima: asubuhi uso huo uko kivulini, mchana jua linaupiga moja kwa moja na mozaiki za dhahabu zinawaka. Kaa kwenye benchi la jiwe upande wa pili wa uwanja, usiharakishe.

Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1290 na Papa Nicholas IV. Miaka ishirini baadaye jengo lilikuwa na matatizo, akaletwa Lorenzo Maitani kutoka Siena, na sura unayoiona ni yake kwa sehemu kubwa. Kuta za pembeni zimejengwa kwa mistari ya mawe meusi na meupe. Milango ya shaba ni ya juzi tu, kazi ya Emilio Greco ya karne ya 20, na wapo wenyeji ambao hawajaizoea.

Sogea karibu na nguzo nne pana za chini. Zimechongwa kwa marumaru tangu karne ya 14 na zinasomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Ya kwanza ni Uumbaji: tafuta Adamu amelala usingizi na Mungu ameinama juu ya ubavu wake. Ya mwisho kulia ni Hukumu. Chini kabisa waliolaaniwa wamefungwa pamoja na wanavutwa, na nyuso zao mchongaji amezifanyia kazi moja moja. Hakuna aliyelia kama jirani yake. Usimame pale na mtoto wa miaka kumi uone maswali yatakayotoka.

Tiketi ya kuingia hukatwa ofisi iliyo kando ya uwanja, si mlangoni. Mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume pia. Kanga begani inatosha. Ndani, sehemu ya madirisha ni ya jiwe la alabasta lililochongwa jembamba, na mwanga unaopita hapo ni wa rangi ya asali.

Kushoto, mbele, ni kikanisa cha Corporale. Inasimuliwa kwamba mwaka 1263 padri kutoka Bohemia, aliyekuwa akisumbuliwa na mashaka kama kweli mkate hugeuka kuwa mwili wa Kristo, aliadhimisha Misa huko Bolsena, na hostia ikatoa damu iliyodondokea kitambaa cha altare. Kitambaa kikaletwa Orvieto alikokuwa Papa Urban IV. Mwaka uliofuata, 1264, Papa huyo akiwa hapa hapa alitangaza sikukuu ya Mwili wa Kristo kwa Kanisa lote. Thomas wa Akwino naye alikuwa akiishi Orvieto miaka hiyo, na ndiye anayetajwa na mapokeo kuwa mtunzi wa sala na nyimbo za sikukuu hiyo. Kwa hiyo ile Tantum Ergo inayoimbwa kwenye baraka ya Sakramenti Kuu kuanzia Bukoba hadi Bukavu, mizizi yake inafika kwenye mji huu. Wakatoliki wengi wa kwetu niliowasimulia hili hawakuwa na habari.

Kulia ni kikanisa cha San Brizio, na hapa ndipo pa kutumia muda wako. Fra Angelico alianza kuchora dari mwaka 1447 akaondoka. Kazi ikakaa nusu karne hadi alipokuja Luca Signorelli, aliyeimaliza kati ya 1499 na 1504. Somo ni mwisho wa dunia.

Anza na ukuta wa kushoto, Mpinga Kristo. Amesimama juu ya jukwaa dogo akihubiri, na kwa mbali utadhani ni Yesu: ndevu zile, nywele zile. Sogea. Shetani yuko nyuma yake anamnong'oneza sikioni, na mkono unaoonekana kutoka kwenye vazi hujui kama ni wa mhubiri au wa shetani. Miguuni pana lundo la dhahabu, watu wanagawiwa. Kwenye kona ya chini kushoto kuna wanaume wawili waliovaa nguo nyeusi, wametulia kama mashahidi. Mmoja ni Signorelli mwenyewe, wa pili, aliyevaa kitawa, ni Fra Angelico.

Geukia kulia. Ni ufufuo: malaika wawili wanapiga tarumbeta, na chini watu wanajivuta kutoka ardhini. Wengine wameshapata nyama, wengine bado ni mifupa mitupu. Mmoja amekwama kifuani, ameweka viganja viwili juu ya udongo anajisukuma atoke. Karibu yake wapo walioamka wanaokumbatiana. Ukuta unaofuata ni wa waliolaaniwa, na mashetani yake yana rangi za kijani na zambarau za nyama iliyooza. Mmoja mwenye mabawa anaruka na mwanamke mgongoni, na amegeuza kichwa anamcheka.

Vasari, mwandishi wa maisha ya wachoraji, anasema Michelangelo aliisifu sana kazi ya Signorelli. Ukiwa umeshaona Hukumu ya Mwisho ya Michelangelo katika kikanisa cha Sistina kule Vatikani, utaelewa.

Hatua ya 8: Magharibi ya mji

Ukitoka kanisani watu wengi wanaelekea kwenye funikula. Wewe nenda kinyume. Pita Piazza della Repubblica, ambapo kanisa la Sant'Andrea lina mnara wa pembe 12, kisha shuka mitaa ya zamani kuelekea kanisa dogo la San Giovenale, kwenye ukingo wa mwamba. Huku hakuna maduka ya zawadi. Kuna nguo zimeanikwa na vyungu vya maua mlangoni, na wazee wa mtaa wamekaa nje. Wasalimie "buonasera", watakujibu vizuri. Kutoka ukingoni unaona mashamba ya mizabibu na vilima vya upande wa jua kuzama.

Mwenye nguvu bado anaweza kuteremka na kufuata njia ya miguu inayozunguka mwamba wote kwa chini, Anello della Rupe, kama kilomita 5. Kutoka huko ndipo unapoyaona matundu ya njiwa kwa nje.

Kitu nisichoshauri ni kupachika Civita di Bagnoregio kwenye siku hii hii kwa sababu tu ramani inaonyesha iko jirani. Mabasi ni machache, na utaishia kukimbia miji yote miwili.

Hatua ya 9: Kurudi

Asubuhi ulipopanda ulipaswa kupiga picha ubao wa saa za funikula. Haiendi usiku kucha, na ikishafungwa unategemea basi au miguu. Mwendo wa kutoka San Giovenale hadi Piazza Cahen upe nusu saa, funikula na kungoja robo saa, na ufike kituoni dakika kumi kabla ya treni.

Ratiba zimeandikwa kwa saa 24, hivyo 18:30 ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Treni nyingi za kurudi husimama Roma Tiburtina kabla ya Termini. Kama umefikia upande wa mashariki wa Roma au unatumia metro ya laini B, shukia hapo Tiburtina.